Kutu ya pwani si kudra

Mtu akijenga pwani, kuna neno ataambiwa kabla hata hajamwaga zege la msingi: chuma huku hakidumu. Atalisikia kwa fundi, kwa jirani na kwa muuza mabati. Miaka michache baadaye, geti likitoboka, grili ya dirisha ikimegeka mkononi na nguzo ya baraza ikipasuka kwa urefu wake, neno lile lile litarudi, safari hii kama hukumu. Mmoja atalaumu upepo wa bahari. Mwingine atasema nondo za siku hizi ni hafifu. Wa tatu atafunga mjadala kwa kusema ndivyo Mungu alivyopanga.

Hao wawili wa kwanza nawaunga mkono nusu. Huyo wa tatu simuungi mkono kabisa. Kinachokula chuma cha pwani kinajulikana jina, kinajulikana tabia, na kiasi chake kinapimika kwa gramu. Ni klorini katika sura zake mbalimbali. Kila mwanafunzi wa kemia wa sekondari hukutana nayo darasani, akakariri milinganyo yake miwili na chuma, akaijibu kwenye mtihani na kupata alama zake. Kisha hurudi nyumbani kwao Tanga, Mtwara, Kilifi au Makunduchi, akapita chini ya boriti ya zege inayomong'onyoka bila kujua kwamba alichokiandika kwenye karatasi ya mtihani ndicho kinachotokea juu ya kichwa chake. Hoja yangu leo ni kwamba sehemu kubwa ya kutu inayobomoa nyumba zetu inatokana na maamuzi ya binadamu, na kwamba elimu ya kuyabadili maamuzi hayo tunayo tayari, ila tumeifungia kwenye madaftari.

Tuanze na maabara. Pamba ya chuma, ile ile ya kusugulia masufuria, ikipashwa moto mpaka ikawa nyekundu kisha ikatumbukizwa kwenye chupa yenye gesi ya klorini, haizimiki. Inazidi kung'aa yenyewe ndani ya ile gesi ya kijani-njano, na chupa inajaa moshi wa kahawia. Moshi ukipoa, kwenye kuta za chupa hubaki fuwele za rangi nzito: mwanga ukizipiga juu huonekana za kijani, ukipenya ndani yake huonekana nyekundu iliyoelekea zambarau. Hiyo ni kloridi ya chuma yenye klorini tatu kwa kila atomu moja ya chuma, FeCl3. Ukiiacha wazi itanyonya unyevu wa hewani hadi ilowe na kuwa majimaji ya kahawia.

Jaribio la pili ni la upole zaidi. Misumari ikitiwa kwenye asidi ya haidrokloriki, yaani gesi ya haidrojeni kloridi iliyoyeyuka kwenye maji, hakuna kinachowaka. Viputo vya haidrojeni vinapanda taratibu, na ukivisogezea njiti ya kiberiti iliyowaka vinapasuka kwa mlio mdogo. Maji yanageuka kijani hafifu. Humo mna kloridi nyingine, FeCl2, yenye klorini mbili badala ya tatu. Hata maji ukiyaondoa kabisa, ukapitisha gesi kavu ya haidrojeni kloridi juu ya chuma cha moto, utapata hiyo hiyo ya klorini mbili.

Hapo ndipo watunga mitihani wanapopapenda. Gesi hutoa tatu, asidi hutoa mbili. Mwanafunzi hukariri hivyo, na mara nyingi hakuna anayemuuliza kwa nini.

Sababu yake haihitaji chuo kikuu. Chuma kinapoungana na klorini hutoa elektroni. Mbili za kwanza hazikisumbui sana kuzitoa. Ya tatu huishikilia. Wanakemia hupima nguvu ya kuvuta elektroni kwa volti, wakihesabu kuanzia haidrojeni waliyoipa sifuri. Katika kipimo hicho, atakayezitoa zile mbili lazima awe juu ya -0.44, na atakayeitoa ya tatu lazima awe juu ya 0.77. Klorini iko kwenye 1.36, kwa hiyo inavuka vizuizi vyote viwili. Ndani ya asidi anayevuta ni ioni ya haidrojeni, nayo iko sifuri: inavuka kizuizi cha kwanza, inagota kwenye cha pili. Namba nne zinatosha kueleza kile ambacho vijana wetu wanakikariri kama majina ya mito.

Anayezielewa namba hizo atagundua jambo ambalo aliyekariri hawezi kuligundua. Katika asidi, kloridi yenyewe haikuvuta chochote. Imeshapata elektroni yake, imetosheka, imekuja kusindikiza tu. Na hiyo ndiyo klorini iliyomo baharini. Maji ya bahari hayana gesi ya klorini. Yana kloridi, karibu gramu 19 katika kila lita. Basi mtu mwenye akili atauliza: ikiwa kloridi imeshatosheka, inakulaje nondo ya nyumba yangu?

Jibu linaanzia kwenye maji. Klorini kavu, katika joto la kawaida, haikidhuru chuma. Mwaka 1888 Rudolf Knietsch, mkemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, alionyesha kwamba klorini ikikaushwa sawasawa inaweza kugeuzwa kimiminika na kuhifadhiwa ndani ya chombo cha chuma bila chombo kuliwa. Tangu hapo klorini husafirishwa kwa mitungi ya chuma. Mitungi hiyo ndiyo iliyoipeleka kwenye mitambo ya kusafisha maji ya miji mikubwa duniani, na mitungi ya aina hiyo ndiyo iliyofunguliwa na jeshi la Ujerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, upepo ukaipeleka gesi kwenye mahandaki ya adui.

Chuma na klorini tupu vinakaa pamoja kwenye mtungi kwa masharti mawili: pawe pakavu na pasiwe na joto kali. Chuma kikifika nyuzi 250 hivi kitawaka ndani ya klorini kama ile pamba ya maabara. Maji yakiingia, sehemu ya klorini hugeuka kuwa asidi, na asidi hula chuma. Ndiyo maana mafundi wa mitambo ya maji hufundishwa kwamba mtungi unaovuja klorini haumwagiwi maji: tundu dogo litageuka kubwa. Kwa hiyo pasipo na maji, kisa hiki hakipo. Na pwani, maji hayakosekani. Yamo hata hewani.

Sasa tuirudie ile kloridi. Chuma chenye unyevu hutoa elektroni zake kwa oksijeni ya hewani. Kazi hiyo hufanyika hata bila chumvi, ila polepole, na mara nyingine utando mwembamba wa oksidi huizuia isiendelee. Kloridi hupenya ule utando mahali padogo, pakafanyika kishimo. Ndani ya kishimo chuma kinayeyuka na kuungana na kloridi, inatokea FeCl2, ile ile ya kijani hafifu ya maabara. Hiyo ikikutana na maji inavunjika: chuma kinakuwa hidroksidi, mwanzo wa kutu, na kloridi inabaki na ioni za haidrojeni. Kwa maneno mengine, ndani ya kile kishimo imezaliwa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo inakula chuma cha jirani, inatokea FeCl2 nyingine, inavunjika tena, na asidi inazaliwa upya.

Kloridi hapa ni dalali. Inamkutanisha chuma na maji na oksijeni, biashara inafungwa, na yenyewe haiondoki na mali. Inabaki palepale ikingoja mteja mwingine. Haimalizwi na kazi yake. Hii ndiyo habari nzito kuliko zote katika kemia ya kutu ya pwani, na ndiyo inayoeleza kwa nini chumvi kidogo iliyoingia ukutani siku ya kwanza inaweza kuendelea kubomoa mpaka wajukuu wakaurithi ukuta huo.

Anayetaka ushahidi aende Mombasa. Mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichimbua, na vitu vilivyoibuliwa vikaingia kwenye makumbusho ya Ngome. Walio kwenye kazi hiyo duniani kote wanajua kwamba chuma kilichokaa baharini kwa karne kadhaa hakipo hatarini sana kikiwa chini ya maji kama kinavyokuwa siku kinapotolewa. Chini ya tope oksijeni ni haba. Kikitoka kikakutana na hewa, kloridi iliyojaa ndani yake inaanza kazi. Juu ya chuma hutokeza matone ya njano na kahawia yenye asidi. Ndani ya miezi mzinga ulioonekana mzima unachanika magamba na kupasuka. Dawa yake ni kuuloweka kwenye maji yenye alkali, mara nyingi huku umeme mdogo ukipitishwa, mpaka kloridi itoke. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa vipande vikubwa huchukua miaka. Kule Marekani nyambizi ya chuma iitwayo H. L. Hunley, iliyozama mwaka 1864 na kuibuliwa mwaka 2000, ilianza kulowekwa kwenye alkali mwaka 2014.

Ikiwa chuma kilicho mkononi mwa mtaalamu, ndani ya beseni, kinahitaji miaka kutolewa chumvi, nondo iliyo katikati ya nguzo iliyobeba ghorofa nani ataitoa?

Zege lenyewe, likitengenezwa vizuri, ni mlinzi mzuri wa chuma. Saruji mbichi ina alkali kali, na ndani ya alkali hiyo nondo hujivika utando mwembamba sana wa oksidi unaoizuia isioze. Kwenye zege safi, nondo inaweza kukaa miaka mingi ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Kloridi ndiyo inayouvunja utando huo, nayo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile inayotoka nje: upepo wa bahari, mawimbi, maji ya chini ya ardhi yenye chumvi. Inapenya polepole kupitia vinyweleo vya zege, na inaweza kuchukua miaka mingi kuifikia nondo ikiwa zege ni zito na nene. Njia ya pili ni ile tunayoitia wenyewe kwa koleo siku ya kwanza.

Hesabu ya njia hii ya pili si ngumu. Viwango vya Ulaya kwa zege lenye nondo huruhusu kloridi isiyozidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, na kuna daraja kali zaidi la asilimia 0.2. Marekani, kwa zege litakalokutana na chumvi, hushuka mpaka 0.15. Tuchukue hiyo kubwa ya 0.4. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utaruhusu gramu 200 za kloridi, sawa na gramu 330 hivi za chumvi ya mezani. Mfuko huo huchanganywa na maji lita 25 hivi. Fundi akiyachota baharini, kwa gramu 19 kila lita, ameshaingiza gramu 475. Amevuka kikomo zaidi ya mara mbili kabla hatujahesabu mchanga uliotoka ufukweni ukiwa na chumvi yake, na kabla upepo haujaanza kazi. Kisima cha maji ya chumvi nacho kina sehemu yake katika hesabu hii.

Nenda katazame matokeo. Nguzo ya baraza inayotazama bahari haipasuki ovyo. Ufa wake umenyooka, unaifuata nondo iliyo ndani kama uliopigiwa rula. Pembeni mwa ufa kuna michirizi ya kahawia. Gonga kwa mpini wa kisu na utasikia sauti ya uwazi, maana zege limeshaachana na chuma. Likibanduka, nyuma yake utakuta matabaka ya kutu yanayotoka kama maganda ya kitunguu, na katikati yake kiini cha chuma chembamba kuliko nondo iliyonunuliwa. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Zege halina pa kwenda, linapasuka.

Kisha anaitwa fundi. Anagonga vilivyolegea, anasugua nondo kidogo kwa brashi ya waya, anapiga lipu mpya na kupaka rangi. Mwenye nyumba analipa na kushukuru. Baada ya misimu michache ufa uko palepale, au umehamia kando ya kiraka. Hapa mafundi wanalaumiwa kwa kulipua kazi, na wapo wanaolipua kweli. Lakini hata aliye mwaminifu atashindwa kama hajui kwamba kloridi haikutoka na kile kipande kilichobanduka. Imebaki kwenye zege la zamani lililozunguka kiraka. Na zipo hali ambapo kiraka kipya chenye alkali safi kinailinda nondo iliyo ndani yake na kuiharakishia kuoza ile ya pembeni. Fedha imetumika na ugonjwa umesogezwa nusu mita.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa baadaye. Kuta za Gedi zimesimama msituni mpaka leo. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na dari wakazibeba kwa boriti za mikoko. Chumvi ilikuwamo tele kwenye kuta zile. Ilisumbua lipu na ikala mawe juu juu, lakini haikupata chuma cha kukivimbisha ndani ya ukuta. Sisemi turudi kwenye matumbawe. Miamba yenyewe ya baharini haiwezi kubeba tena mahitaji yetu. Nasema tulipoleta nondo kwenye ujenzi wa pwani tulileta pia masharti yake, na masharti hayo tumeyaacha bandarini.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wenye fedha. Mchanga wa mtoni unauzwa ghali, visiwani ndiyo usiseme, maji baridi nayo ni ya kununua. Hoja hiyo ni ya kweli na haistahili kubezwa. Jibu langu ni kwamba asiye na fedha ndiye asiyeweza kujenga nguzo moja mara mbili. Akiwa na mchanga mzuri kidogo na maji baridi machache, aviweke palipo na chuma: kwenye nguzo, mkanda, linta na slabu. Ukuta wa tofali usio na nondo unaweza kuvumilia kasoro ambayo nguzo haivumilii. Mchanga wenye shaka uoshwe kwa maji baridi, na maji ya kuoshea yamwagwe mbali. Mchanga wa ufukweni una dhambi ya pili pia, maana kila tani inayochotwa inaacha fuo ikiliwa na bahari.

Halafu kuna kinga isiyohitaji fedha nyingi, inahitaji usimamizi. Nondo lazima izungukwe na zege la kutosha. Kwa nguzo inayotazama bahari, milimita 50 si anasa, na mahali pa mawimbi huongezwa. Mara ngapi tumeona nondo za slabu zimelala juu ya mbao, bila vipande vya zege vya kuziinua, na nondo za nguzo zimegusa ubao wa pembeni? Hapo unene wa kinga ni sifuri. Mara ngapi fundi anaongeza maji ili zege liteleze vizuri, akijua halitamchosha, bila kujua kwamba maji ya ziada yakikauka yanaacha vinyweleo ambavyo kloridi itapitia? Zege linalomwagiwa maji kwa siku kadhaa baada ya kumwagwa hukomaa na kuziba vinyweleo vyake. Ndoo hizo za maji ni rahisi kuliko lipu ya kila miaka mitano.

Ndani ya nyumba nako kemia hii hii inaingia kwa mlango mwingine. Dawa nyingi za kusafishia vyoo na vigae zina asidi ya haidrokloriki. Hung'arisha kweli, kwa sababu hula chokaa na kutu. Lakini chupa yenye mfuniko uliolegea hutoa mvuke wa haidrojeni kloridi, na mvuke huo ukikutana na unyevu juu ya chuma unakuwa asidi. Bawaba, kitasa na vifaa vya kazi vilivyowekwa chumba kimoja na chupa hiyo huota kutu hata kama nyumba iko Dodoma, mbali kabisa na bahari. Jambo kubwa zaidi ni hili: asidi hiyo isichanganywe kamwe na Jik au dawa nyingine ya kung'arishia nguo. Vikikutana, inatoka gesi ya klorini yenyewe, ile ya Ypres, ndani ya choo kisicho na dirisha. Onyo hili lingepaswa kuwa kwenye kila daftari la kemia, chini ya milinganyo ile miwili.

Wala tusidhani chuma kisichoshika kutu kinatuokoa. Tarehe 9 Mei 1985, dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani katika mji wa Uster, Uswisi, ilianguka na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya aina hiyo. Hewa ya bwawa lenye maji ya klorini iliweka kloridi juu ya vyuma hivyo mwaka baada ya mwaka, vikapasuka kwa ndani bila kuonyesha kutu nyingi kwa nje. Wenye hoteli na wajenzi wa mabwawa yaliyofunikwa wanapaswa kulijua tukio hilo.

Na serikali nazo hujikwaa. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, ulibadili chanzo chake cha maji Aprili 2014 ili kubana matumizi, ukaanza kutumia mto wa Flint. Maji ya mto yalikuwa na kloridi nyingi zaidi, yakasafishwa kwa kutumia FeCl3, ambayo huongeza kloridi, na hayakutiwa dawa ya kulinda mabomba. Oktoba mwaka huo huo kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa sababu yalikuwa yakishika vyuma vyake kutu. Wakazi waliendelea kuyatumia mpaka Oktoba 2015. Madini ya risasi yaliyobanduka kwenye mabomba yakaingia miilini mwa watoto. Chuma kilichooza kikaila klorini iliyotiwa kuua vijidudu, na watafiti wamehusisha upungufu huo na mlipuko wa ugonjwa wa Legionnaires ulioua watu 12. Kiwanda kililindwa mapema kuliko watoto kwa sababu kiwanda kilikuwa na watu wanaoijua kemia ya chuma na mamlaka ya kusema hapana.

Hilo ndilo ninalolitaka kwa nyumba zetu: ujuzi, na mtu mwenye sauti ya kuutumia. Walimu wa kemia, mkimaliza milinganyo ile miwili, wapelekeni wanafunzi wakatazame nguzo moja iliyopasuka karibu na shule, kisha waambieni waieleze. Watunga mitihani, ulizeni kwa nini, msiulize tatu au mbili. Vyuo vya ufundi, mfundisheni fundi hesabu ya gramu 200 kwa mfuko kabla hamjamfundisha kupanga nondo. Halmashauri za pwani, ukaguzi wa jengo uanze kwenye lundo la mchanga na pipa la maji, siku zege linapomwagwa. Ukaguzi wa kuta zilizokwisha kupakwa rangi umechelewa. Kupima chumvi ya mchanga hakuhitaji mtambo wa mamilioni: tone la nitrati ya fedha, dawa iliyomo kwenye maabara nyingi za sekondari, hugeuza maji yenye kloridi kuwa meupe kama maziwa papo hapo.

Nawe unayejenga mwaka huu karibu na bahari, kabla hujauliza bei ya nondo, uliza mchanga umetoka wapi, maji yamechotwa wapi, na nondo itazungukwa na zege la milimita ngapi. Fundi asiyekuwa na majibu hayo matatu usimpe kazi. Chumvi ukishaichanganya kwenye zege haitoki, na gharama yake utailipa wewe.